Matikiti ya Kiboko na Maneno ya Bi Kobe

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na kamera tatu, taa nne na nyota mmoja aliyejiteua mwenyewe. Mpo?"

"Tupo!"

"Basi wewe wa nyuma zima hiyo simu, nianze."

Hapo kale, lakini si kale sana maana umeme ulikuwepo, wanyama wa Kinamasini walikuwa na kipindi chao cha vichekesho kwenye runinga. Mwenye kipindi alikuwa Kiboko. Mwigizaji mkuu? Kiboko. Na aliyempa Kiboko tuzo ya mwigizaji bora? Hebu kisieni.

Mwandishi alikuwa Kindi, mkia mkubwa, uvumilivu kiduchu. Kindi akamwandikia Nyani mzaha. "Huo wangu," akasema Kiboko, na Nyani, kwa kuwa hakubakiwa na neno la kuigiza, akafukuzwa. Kindi akamwandikia Bata mzaha. "Huo wangu," akasema Kiboko, na Bata akafukuzwa.

Akabaki Bi Kobe, aliyeigiza mama mkwe. Ndiye aliyemfundisha Kindi kazi, na Kindi alimpenda kama mama yake mzazi.

Asubuhi moja walikuwa warekodi mkwe, yaani Kiboko, anapokwenda ukweni mara ya kwanza. Kiboko akashika kalamu nyekundu, chwa, chwa, chwa!

"Masuto yote ya mama mkwe nitayasema mimi. Bi Kobe leo akae tu. Kesho asije."

Mkwe amsute mama mkwe! Hata Korongo, mwongozaji, aliona haya. Kindi alikasirika, lakini akatabasamu.

"Sawa kabisa, mzee. Ila nimeongeza kitu kidogo. Kabla hujasema, unakula tikiti maji. Zima."

"Zima?"

"Zima. Na kila tukirudia, tunaweka jipya, ili picha zifanane. Lakini wewe bingwa, hukosei. La pili sidhani kama utalionja."

Kiboko akameza mate, gudu!

"Kamera! Haya!" akaita Korongo.

Kwachu! Nyam, nyam, nyam, gudu! Kiboko akafungua mdomo. "Ah, nimesahau."

"Rudia!"

Kwachu! Nyam, nyam, nyam, gudu! "Ah, nzi kapita."

"Rudia!"

Kwachu! Nyam, nyam, nyam, gudu! "Ah, hilo halikuwa tamu. Sikupata hisia."

Masikini, msanii na hisia zake! Kindi akamletea matamu.

Lilipofika la ishirini na saba, tumbo lilikuwa limejaa ndi! Sasa Kiboko akataka kweli kuyasema maneno yake. Akafungua mdomo.

"Mbweuuu!"

"Rudia!"

"Mbweuuu!"

Jua lilikuwa linazama, na kipindi kilitakiwa hewani saa mbili. Korongo alitaka kulia. "Jamani, nani mwingine anayajua maneno haya?"

Kindi akajikuna sikio. "Mimi sijui. Labda yule aliyekuwa nayo jana."

Bi Kobe akatoa shingo, taratibu, taratibu. Akatazama maganda. Akatazama tumbo.

"Mwanangu aliniambia kaolewa na mume," akasema. "Kumbe kaolewa na ghala!"

Kiboko akainuka apinge. "Mbweuuu!"

"Na ghala lenyewe linanijibu!"

Mpiga picha akaanguka kitini, puu! Korongo akacheka mpaka akasahau kuita rudia. Na ilipofika saa mbili, Kinamasini nzima ilicheka, vyura kwa mamba.

Kesho yake Kiboko alikuja amevimba, tumbo na hasira. Lakini njiani kila mtu alimsalimu, "Mbweuuu!" na akaona kumbe anapendwa. Akaingia studio kifua mbele.

"Sikilizeni! Ile mbweu ni yangu! Asiiguse mtu!"

"Yako, mzee," akasema Kindi. "Yako peke yako."

Tangu siku ile hajaandikiwa neno jingine, na hajagundua. Bi Kobe yupo. Nyani na Bata wamerudi, na mizaha yao wanaisema wenyewe.

Ngano yangu nimeizima pamoja na taa; maganda zoeni nyinyi mliocheka.

Na funzo, watoto? Mkubwa asipingwe kamwe. Mpe anachotaka. Akitaka tena, mpe tena.