Magoti ya Mama Libérate

Wahenga waliosema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi hawakuwahi kuiona kompyuta, lakini walimjua Armel. Koleo ndilo humshikia mhunzi chuma cha moto. Likivunjika, mpumbavu huzima moto akaenda kulala, na mwenye akili hutafuta kitu kingine cha kushikia. Alhamisi moja ya mwaka 2015, Armel alikaribia sana kuwa mpumbavu.

Alikuwa fundi wa simu mtaani Albert Park, Durban, kijana wa Kirundi aliyetamani kurekodi muziki. Studio yake ilikuwa chumba chake cha kulala, ghorofa ya tisa: kompyuta moja, maikrofoni moja, na mablanketi aliyoyapigilia misumari ukutani ili kuzuia kelele. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kundi la muziki wa soul la majirani zake wanne, waliojuana wakisuka nywele saluni. Colette ndiye aliyeongoza, na Josias aliwabeba wenzake kwa sauti ya chini.

Wiki tatu walihangaika na wimbo mmoja wa kuwashukuru watu, na wiki tatu lifti iliyopita nyuma ya ukuta iliuharibu kwa mngurumo wake. Lifti ikitulia, redio za majirani zilipokea zamu. Sasa siku zilikuwa zimekwisha. Saa kumi na mbili jioni ile, Colette angepanda basi la Johannesburg, na kutoka huko ndege ya Kanada, alikopewa makazi. Wanne wale wasingeimba pamoja tena.

Saa kumi, Colette akiwa ndiyo kwanza amevuta pumzi, kompyuta ilizima. Jengo zima lilizima.

"Eish! Courant imekatika," alisema Josias. "Itarudi saa ngapi, kaka?"

"Saa moja usiku, kwa ratiba ya mgao," alijibu Armel. Aliketi kitandani, akajiinamia. "Munisamehe. Imeisha."

Colette alitoka nje hadi kwenye ngazi, akauimba ule mstari uliokatizwa, kwa kuuaga tu. Sauti ilishuka ghorofa kwa ghorofa, ikagonga saruji, ikarudi imenona. Armel aliinua kichwa. Hakusikia lifti. Hakusikia redio hata moja. Kimya alichokitafuta kwa mablanketi na misumari kilikuwa kimeletwa bure na kukatika kwa umeme.

"Mukuje hapa wote!" alipaza sauti, akachomoa simu mfukoni ili kurekodi.

Lakini lifti ikifa, watu hupanda kwa miguu. Ubeti wa kwanza haujaisha, akatokea Mama Libérate, muuza mboga, akihema na mfuko wa kabichi.

"Mama, s'il vous plaît, usisogee," Armel alimwomba kwa mnong'ono. "Dakika ine tu. Colette anaenda leo."

"Na magoti yangu je, mwanangu?"

Hata hivyo alitua mzigo, akaketi, kisha akawapigia kelele wa chini: "Kila mutu abaki pale iko! Watoto wetu wanaimba!"

Na kila mtu alibaki. Watu wenye mizigo, wenye njaa, waliotoka kazini wamechoka tiki, walisimama kwenye ngazi wakamnyamazia fundi ambaye wengi hawakumjua hata jina. Kundi lilianza upya. Lilipofika kwenye "asanteni" ya mwisho, wa ghorofa ya nane waliitikia, wakafuata wa sita, hadi chini kabisa, bila kuombwa na mtu. Armel aliishika simu kwa mikono miwili huku machozi yakimtiririka, asithubutu kuyafuta.

Colette aliwahi basi lake. Wimbo ule ulipigwa saluni hadi saluni, na kwa ajili yake makundi mengine yalipanda ghorofa tisa kumtafuta Armel. Mwishoni mwa wimbo, baada ya sauti zote kutulia, husikika mama mmoja akisema, "Sasa nipite na magoti yangu?" Wengi walimshauri Armel aikate sehemu hiyo, naye alikataa katakata.

"Hao wa ngazini ndio walionishikia chuma," husema.

Kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.