Dawa ya Sultani Yazuiliwa Forodhani

Hapo zamani, katika mji wa Shungi wenye lango moja tu, alitawala Sultani Hemedi, mtu mwema lakini mwepesi wa hasira. Siku moja tapeli mmoja msafiri alimwuzia dawa ya jino, naye alipoipaka, jino bovu likabaki na mazima mawili yakang'oka. Basi Sultani akatoa amri, ikabandikwa langoni: dawa yoyote iingiayo na msafiri itawekwa katika ghala ya forodha siku arobaini, ichunguzwe, na dawa ni kitu chochote kimponyacho mgonjwa, kiwe cha kunywa, cha kupaka, au vinginevyo, wala hapana wa kusamehewa, hata akiwa wa nyumba ya Sultani. Karani atakayeipitisha atachapwa viboko mia.

Mjini humo alikuwako fukara jina lake Sadala, ambaye watu walimwona punguani kwa kuwa kila neno alilishika kama lilivyosemwa. Ukimwambia "ningoje hapo," ungemkuta hapo kesho yake. Ikawa dada yake, Mwanaesha, akashikwa na homa kali. Sadala akatoka mjini, akatembea hadi kijijini kwa shangazi yao, aliyeijua mizizi ya homa, akarudi mbio na kifurushi kwapani.

Karani wa forodha, Bwana Mshangama, akakifungua, akakinusa.

"Nini hiki?"

"Dawa ya dada yangu, bwana. Homa imempanda hata hanitambui."

"Pole sana. Siku arobaini."

"Bwana wangu, dada yangu hana hata siku nne!"

"Nami nina mgongo mmoja tu," akasema Karani, na kweli alimhurumia. Akakitia kifurushi ghalani, akafunga kufuli.

Sadala akaketi kando ya lango, machozi yakimlengalenga, hajui pa kwenda. Mara akapita mpiga mbiu akipuliza pembe: "Enyi watu wa Shungi, fagieni njia! Bibi Mwanashahi, mke wa Sultani, arejea leo kutoka kwao baada ya miezi miwili. Sultani asema, tangu Bibi aondoke, yeye Sultani yu mgonjwa, hali wala halali. Matabibu wote wameshindwa, na dawa yake ni Bibi peke yake!"

Sadala akafuta machozi. "Hayo ni maneno ya Sultani mwenyewe?"

"Neno kwa neno. Nikizidisha moja nakatwa ulimi."

Haikupita saa, machela ya Bibi ikafika langoni, imebebwa na watu wanne. Sadala akaruka.

"Bwana Karani, dawa hiyo yapita!"

"Dawa gani?"

"Ya Sultani. Mji mzima umesikia."

Karani akatokwa na jasho. Akaisoma amri mara tatu. "Lakini imeandikwa cha kunywa, cha kupaka..."

"Au vinginevyo," akasema Sadala kwa adabu. "Bibi ni vinginevyo."

Karani akaukumbuka mgongo wake, akainama mbele ya machela, akaeleza kwa kigugumizi. Bibi akacheka nyuma ya pazia. Kisha akauliza, "Na huyu anayelia na kucheka pamoja ni nani?"

Sadala akamweleza habari za Mwanaesha. Bibi akasema, "Nipelekeni ghalani." Akaenda akaketi juu ya gunia la iliki.

Sultani alipopata habari akaja mbio, kilemba kimelegea.

"Nani amemfungia mke wangu?"

"Wewe, Maulana," akasema Sadala.

Watu wakashika vinywa vyao. Karani akaibandua amri langoni, na Sultani akauona muhuri wake mwenyewe.

"Basi namsamehe! Fungua!"

"Hapana wa kusamehewa, Maulana, hata wa nyumba ya Sultani," akasema Sadala.

Sultani akashika mpini wa jambia. Hapo sauti ikatoka ghalani: "Bwana, mimi nitakaa siku arobaini nisiharibike. Lakini humu nina mwenzangu, kifurushi kidogo, na mgonjwa wake hana siku nne. Sitoki kabla yake."

Sultani akatazama chini kwa haya. Kisha kicheko kikampanda, akacheka hata kilemba kikaanguka. Akataka kalamu, akaandika palepale: dawa ya mgonjwa itachunguzwa na tabibu siku ileile iingiapo, irudishwe kwa mwenyewe. Tabibu akaitwa, akaonja mizizi, akakunja uso, akasema ni salama.

Sadala akakinyakua kifurushi, na Bibi akatoka ghalani nyuma yake.

"Simama upokee zawadi!" akaita Sultani.

"Dada kwanza, Maulana!" Naye akatokomea vichochoroni.

Siku ya saba Mwanaesha akaketi kitandani akaomba uji. Sultani akampa Sadala nyumba na kazi: kila amri isomwe kwake kwanza, kabla ya muhuri. Wasema nyingi ziliishia masikioni mwake, zisifike langoni. Hekaya imetua mzigo wake hapa. Atakaye kuukagua, na aukague.