Kokwa Mbili za Yakuti

Tumepokea kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Hadhramaut palikuwa na nyumba ya wakfu, wakikaa humo wanawake saba, watu wazima kwa umri, ambao Mwenyezi Mungu hakuzijaalia akili zao kukomaa. Jamaa zao wengine walikuwa wamekufa, na wengine walikuwa hai wakijifanya wamekufa. Aliyewatunza ni Bibi Unaisa, mjane mcha Mungu, mwenye kufunga kila Jumatatu na Alhamisi. Ulimi wake tu ndio haukufunga siku yoyote.

Kila Ijumaa baada ya sala, karani wa wakfu alikuja na kapu. Kila mkaazi alitia humo kokwa moja ya tende, karani akahesabu, na kwa kila kokwa ikatolewa posho ya pishi tatu za nafaka. Desturi hiyo ilikuwa ya zamani, na wakaazi waliipenda kuliko chakula chenyewe. Katika nafaka hiyo walikula, na iliyobaki iliuzwa ili kuwalipa wahudumu wawili. Mmoja aliitwa Sabiha, na kazi yake kubwa ilikuwa Yakuti.

Yakuti alikuwa mwanamke wa miaka arubaini, mwenye nguvu za punda na maneno machache. Alipenda kuutazama uso wake majini. Ukigeuka kidogo tu, unamkuta ameinama kisimani, nusu ya mwili iko ndani.

Ikawa mmoja wa wale saba, Tufaha, aliyelala mkeka mmoja na Yakuti, akafa kwa homa. Ijumaa iliyofuata Yakuti akatia kokwa yake kapuni, kisha akatia nyingine.

"Ya Tufaha," akasema.

Karani, ambaye roho yake ilikwisha kwenda kwenye chakula cha mchana, akahesabu saba, akaandika saba.

Sabiha akamvuta Bibi Unaisa kando. "Nyamaza, bibi wee. Wewe hujasema uongo. Kokwa ndizo zilizosema."

"Na Siku ya Kiyama zitaulizwa kokwa?"

"Posho ile ikipungua, anayeondoka ni mimi. Na mimi nikiondoka, Yakuti mtamtoa kisimani kwa kamba."

Bibi Unaisa alijua Sabiha amesema kweli tupu. Hata hivyo alimwita karani, akamwambia, "Ni sita. Tufaha tumemzika Jumanne. Futa."

Kesho yake akaja msimamizi wa wakfu, Sheikh Mundhiri, mtu ambaye hakupata kula hata tende moja ya haramu. Akamshukuru bibi kwa uaminifu wake, kisha akapunguza posho.

"Mmoja amepungua, gharama imepungua," alisema. "Hesabu haimwonei mtu."

"Sheikh wangu, aliyekufa ni Tufaha. Kisima kipo. Yakuti alilindwa juzi, na leo pia lazima alindwe."

"Kifunikeni kisima."

"Tukifunika kisima, lipo jiko. Tukizima jiko, ipo ngazi. Au unataka niwafungie kapuni?"

Sheikh akakohoa. "Bibi, pishi tatu kwa mtu mmoja ni nyingi. Mimi nyumbani kwangu..."

"Ahsante, umesema mwenyewe. Mchukue Yakuti na pishi zake tatu, kwa siku tatu tu. Zikikutosha, Sabiha namwachisha kazi, na sitatia neno."

Sheikh alimtazama. Mtu aliyeikataa kokwa ya saba, akawaza, huyu si wa kudai upuuzi. Akakubali, na akafurahia thawabu aliyoiona rahisi.

Siku ya nne asubuhi alirudi na Yakuti. Nyuma yao alikuwa mkewe, Bi Mahbuba, uso kama wa mtu aliyevuka jangwa kwa miguu.

"Amekula sana?" akauliza Bibi Unaisa.

"Amekula pishi moja, nayo haikwisha," akajibu Sheikh, kwa kuwa hakuwa mwongo.

"Basi umepata faida."

Hapo Bi Mahbuba hakujizuia. "Faida gani? Siku ya kwanza nimemwosha mara tatu. Siku ya pili binti yangu ameacha kufuma, kazi yake ni kumshika mkono tu, mpaka mkono umevimba. Jana sote wawili tukaishiwa nguvu, tukamwachia huyu Sheikh. Duka akafunga, sala ya jamaa ikampita, na Yakuti akaoga kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Mume wangu alihesabu chakula. Mikono hakuihesabu kwa kuwa haikuwa yake."

Wanaume wengi wangekasirika. Sheikh akainamisha kichwa. "Astaghfirullahi. Nilidhani ninalinda mali ya wakfu. Mbona hukuniambia zamani, bibi?"

"Nimekuambia miaka sita. Ulikuwa ukihesabu kokwa."

Sheikh akaenda kwa kadhi, wakaifungua hati ya wakfu. Aliyeweka wakfu aliamuru wanawake wale watunzwe, basi. Kokwa hakuzitaja, vichwa hakuvitaja. Kuhesabu vichwa kuliletwa na makarani kwa sababu ni kwepesi. Tangu hapo ujira wa wahudumu ukatengwa kwanza, na chakula kikahesabiwa baadaye.

Muujiza haukuwapo. Juma lile, posho ikiwa imekwisha kupunguzwa, Sabiha alilipwa nusu, akanung'unika, na haki ya kunung'unika alikuwa nayo. Kapu halikuacha kuja, maana Yakuti hakukubali kuingia ndani kabla hajatia kokwa zake mbili. Karani akawa anaitoa moja pasipo yeye kuona, anaandika sita.

Enyi wasomaji, mkipita penye nyumba kama hiyo, msiulize waliomo wanakula kiasi gani. Ulizeni nani amekaa nao, na yeye analipwa nini. Na Mola atujaalie kusema kweli hata pale inapotugharimu, kwani Bibi Unaisa angeificha kokwa moja, nani angemsikiliza aliposema Yakuti achukuliwe siku tatu?