Mlango wa Chumba cha Tumpe

Ndugu zangu, huko Tukuyu aliishi seremala mmoja. Maseremala wa usharika huu nawaomba msigeuke kutazamana, simsemi mtu. Seremala huyo alikuwa na binti wa miaka kumi na tano, anaitwa Sekela, mtoto mchangamfu na msemaji. Alipoingia kidato cha pili akaanza kunyamaza. Chakula akawa anakizungusha tu kwenye sahani. Usingizi hapati, kucha amezitafuna zimekwisha, na ukimwita anachelewa kuitika, kama mtu aliye mbali.

Seremala akaona mtoto amelegea, na yeye kitu kikilegea anajua kukikaza. Akampa dawa ya minyoo. Akampa tena, huenda minyoo ni mingi. Akampeleka kupimwa macho. Akaalika wazee wa kanisa wanne, wakaomba saa mbili nzima, wakala kuku, wakaondoka. Sekela hakubadilika. Aliyebadilika ni kuku.

Mwishowe mkewe akasema, "Baba Sekela, hebu twende zahanati."

Huko wakamkuta muuguzi mmoja, mama mtu mzima asiye na haraka. Akazungumza na Sekela peke yake kwa kitambo, kisha akamwita baba.

"Mkiwa mezani, huwa unamwambia nini binti yako?"

"Namfunza."

"Unamfunza kwa maneno gani?"

Seremala akakohoa kidogo. "Namwambia, mtazame mwenzako Tumpe."

Tumpe huyo alikuwa binti wa jirani yao, mwalimu wa kwaya. Alisoma darasa moja na Sekela, kila mtihani wa kwanza yeye, na sketi yake imenyooshwa mpaka inakata.

"Unamwambia hivyo mara ngapi kwa siku?" akauliza muuguzi.

"Si mara nyingi. Asubuhi. Akirudi shule. Na wakati wa kula."

Muuguzi akaandika, akaweka kalamu chini. "Binti yako nitamwona kila wiki. Lakini na wewe, baba, una dozi yako. Siku saba usilitaje jina la Tumpe."

Mnadhani ni dozi nyepesi hiyo? Siku ya kwanza tu Sekela akasahau kufunga bomba. Baba akafungua kinywa: "Mwenzako Tu..." Mkewe akamtazama. Baba akamalizia, "Tu... tule." Ilikuwa saa kumi alasiri, ndizi ziko jikoni hazijaiva. Wakazila hivyo hivyo, ngumu, wala hakuna aliyeuliza.

Siku ya tatu akagundua jambo lililomtisha. Tumpe akiondolewa, yeye hana la kumwambia mwanawe. Alikaa mbele yake akitafuta neno, akatafuta, akapata: "Mvua hii."

"Ndiyo, baba," akajibu Sekela.

Mazungumzo yakaishia hapo. Mtu umelea mtoto miaka kumi na tano, na ukinyang'anywa mtoto wa jirani unabaki bubu?

Siku ya tano mwalimu wa kwaya, mama yake Tumpe, akamwita. "Njoo na vifaa vyako, kuna mlango wa kung'oa."

Seremala akadhani mlango umeliwa na mchwa. Alipofika akaukuta mzima kabisa, mninga mtupu, alioutengeneza mwenyewe miaka miwili iliyopita. Ulikuwa mlango wa chumba cha Tumpe, na komeo limefungwa kwa ndani.

"Ung'oe," akasema yule mama. "Tangu juzi amejifungia humo. Maji anatoka kunywa kwa kunyemelea, chakula hataki. Eti kichwa kimechoka. Nimesema mpaka sauti imekauka: mtazame mwenzako Sekela. Mtoto ametulia yule, hajibizani na mtu, hata hujui kama yumo ndani. Baba Sekela, wewe Mungu alikupendelea."

Ninyi mnacheka. Seremala hakucheka. Aliketi sakafuni, nyundo mapajani. Utulivu uliokuwa ukisifiwa hapo ndio ugonjwa alioupeleka zahanati.

Akasogeza mdomo kwenye mlango. "Tumpe, mimi ni baba yake Sekela. Sing'oi kitu. Nimekuja kukuomba radhi."

Ikatoka sauti ndogo: "Kwa lipi, baba?"

"Miaka mitatu nimemchapa mwanangu kwa jina lako."

"Na mimi nachapwa kwa jina lake. Nilishaanza kumchukia." Halafu akauliza, "Hajambo?"

"Hapana, mwanangu. Anaumwa."

Mwalimu wa kwaya alikuwa amesimama nyuma yake. Akaviondoa vile vifaa mlangoni. Komeo likasikika, mlango ukafunguka kiasi cha upana wa uso.

"Anaweza kuja?" akauliza Tumpe.

"Nitamwuliza," akasema seremala. "Akitaka, atakuja."

Sekela akaja. Hakupona siku ile. Aliendelea kwenda zahanati miezi mingi, na Tumpe akawa anakwenda naye. Ila alasiri ile wasichana wawili walikaa uani wakiwaigiza wazazi wao, na seremala akajisikia akiigizwa, kikohozi na vyote. Anasema hawakukosea hata kidogo.

Sasa tuje kwetu sisi. Mtoto akinyong'onyea, tunamchunguza yeye tu: damu, mapepo, simu, marafiki. Nani kati yetu ameuchunguza mdomo wake mwenyewe? Mtoto wa umri ule bado anajitafuta, naye hujitafuta katika maneno anayoyasikia nyumbani, shuleni, na humu kanisani pia. Tukimwambia kila siku kwamba angekuwa mwingine angependwa, tushangae nini akianza kutoweka?

Ukifika nyumbani leo, mwulize mwanao swali moja ambalo jibu lake hulijui. Kisha nyamaza, amalize.

Tusimame tuombe. Wazazi kwanza.