Busu la Unyayoni

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Yaani anayenyamaza usidhani hayupo; siku akijitokeza, utashika tama. Wengi husema hivyo kuhusu watu. Mimi naanza na mdomo wa Mama Pindo.

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Aliitwa hivyo kwa sababu nguo yenye pindo lililokwenda upogo haikutoka mlangoni mwake. Binti yake wa pekee alipoolewa na mwanamume ambaye yeye mama hakumpenda, hakugomba wala hakubariki. Alinyamaza ji, miaka miwili! Lakini aliposikia amepata mjukuu, aliinamia cherehani juma zima akishona vigauni, chakula akikionja tu na usingizi akiuiba.

Asubuhi ya siku ambayo binti angemleta mtoto, alipokuwa akikata uzi kwa meno, alihisi pembe ya mdomo ikimwasha na kumchoma. "Ee, nawe umeona uje leo?" alinong'ona. Alijitazama kwenye kioo. Mdomo ulikuwa safi, hauna hata kipele.

Hodi ikapigwa. Binti aliingia na kichanga kifuani, machozi yakimlengalenga. "Mama, nimekuletea mjukuu wako. Mbusu."

Jamani, alivyotamani! Nani angejua? Alinyoosha mikono, akairudisha, akaziba mdomo kwa kitambaa na kurudi nyuma mpaka kiuno kikagonga cherehani.

Uso wa binti ulisawijika. "Kumbe kinyongo hakijaisha! Nichukie mimi, Mama. Huyu malaika amekukosea nini?" Akaokota mkoba wake. "Tunaondoka, na hutatuona tena."

"Simama!" Sauti ya Mama Pindo ilipasuka, hata mtoto akashtuka. "Nampenda mpaka naumwa! Unakumbuka vile vipele vya maji vilivyokuwa vikinitoka mdomoni ulipokuwa mdogo? Muuguzi aliniambia kidonda hupona, lakini kirusi chake hakiondoki. Hupanda kwa mshipa wa fahamu, kikajilaza huko karibu na sikio. Kinaweza kulala miaka, hakiumi, hakiwashi. Ukichoka sana au ukipata homa, kinaamka na kurudi mdomoni kwa njia ileile. Mimi nitapata kidonda tu. Kichanga kama huyu nikimwambukiza kwa busu anaweza kufa. Na leo kimeamka, nakisikia."

Binti aliketi kitako. "Sasa mbona hukusema?"

"Aibu, mwanangu. Watu wakiona kidonda mdomoni hawakosi la kusema. Halafu miaka miwili sijakusemesha. Ningeanzia wapi, kwenye vipele?"

Binti alicheka huku analia. Ndipo akaona rundo la vigauni mezani, na juu yake shati la kiume. "Hili la nani?"

"La mume wako. Mabega nimekisia."

Binti alimkumbatia mama yake kwa nyuma, kwa nguvu. Mama Pindo akanawa mikono kwa sabuni, akajifunga kitambaa mdomoni, akampakata mjukuu wake kwa mara ya kwanza.

Kesho yake kidonda kilitoka kweli. Kilipokauka na ngozi kurudi laini, binti alikuja tena na mtoto na mumewe; bibi aliinama, akaubusu unyayo wa mtoto kwa mlio uliofika mpaka sebuleni, alikokaa mkwe na shati lake jipya.

"Kimepasuka nini huko?" mkwe aliuliza.

"Ni Mama," mkewe alijibu. "Alinyamaza mno. Kimya kingi kina mshindo mkuu."