Tangazo la Bi Kabula

Hapo zamani, na msinikodolee macho, sisemi zama za sungura na fisi, nasema zama hizi za mashine za kuchapa, alikuwepo mtu aitwaye Mashauri. Mama yake, Bi Kabula, alikuwa ameanza kusahau kwa uzee. Asubuhi moja akatoka nyumbani, asirudi. Mashauri akamtafuta mitaani, akamtafuta hospitali, akamtafuta hadi mochwari. Wapi!

Akaenda kwenye jarida linalosomwa nchi nzima, akaomba tangazo la ukurasa mzima. Msanifu wa kurasa alikuwa binti mmoja, Zawena. Akaweka picha ya Bi Kabula, na chini yake namba ya simu.

"Dada yangu, ikuze picha," Mashauri akasihi. Akaikuza. "Ikuze tena." Akaikuza tena. Namba ikasukumwa chini, ikakaa ukingoni kabisa, pale kisu cha kukatia kurasa kiwandani kinapopita. Zawena alijua ukingo ule hauwekwi maandishi. Lakini mtu analia mbele yako, utamwambiaje ampunguze mama yake? Akanyamaza.

Ikatolewa prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa. Karatasi haijakatwa, namba yote ipo, na mstari umechorwa kuonyesha kisu kitapita wapi.

"Kaka, kagua kila kitu ndipo utie sahihi," Zawena akamwambia.

Mashauri akautazama uso wa mama yake. Akautazama, akalia, akatia sahihi. Namba hakuiangalia.

Kurasa zikafika kwenye mashine ya kukata. Fundi alikuwa Mzee Chilongola. Akaona mstari unapita katikati ya namba. Lakini huko nyuma aliwahi kusimamisha mashine kwa jambo kama hilo, bosi akamfokea mbele ya watu: "Kazi yako kukata, siyo kusoma!" Basi akakata.

Mnaona sasa? Jarida likatoka, picha inang'aa. Namba imebaki vichwa vya tarakimu tu. Tatu, nane, tisa, sifuri, zote sura moja.

Na Bi Kabula alikuwa hai, jamani! Alikuwa mkoa mwingine, kwa muuza maandazi mmoja, Bi Nyamizi, aliyemkuta stendi akitetemeka. Bi Nyamizi akaliona tangazo, akapiga kigelegele, akabahatisha namba, akapiga simu. Akapokea mtu mwingine. Akabahatisha tena, akatukanwa. Siku hiyohiyo bibi akazidiwa na homa, ikawa hawezi kumwacha hata dakika.

"Mashauri amekuja?" bibi akawa anauliza.

"Yuko njiani, mama."

Akafa anaulizia.

Bi Nyamizi akamzika, kisha akasafiri na ule ukurasa hadi ofisi ya jarida. Wahusika wakaitwa. Bosi hakutokea, alituma rambirambi.

"Ni mimi," Zawena akasema. "Nilijua, nikaona haya kusema."

"Ni mimi," akasema Mzee Chilongola. "Niliona kwa macho yangu. Nilimnunia bosi, nikamkomoa mama wa watu."

"Niacheni," akasema Mashauri. "Nyinyi mna matangazo mengi. Mimi nilikuwa na mama mmoja, nikapewa karatasi niikague."

Bi Nyamizi akawatazama wote, machozi yakimtoka. "Mashauri, nilimwambia uko njiani, amelala akijua hivyo. Sasa nani atakwenda kusimama pale kaburini amwambie kwa nini hakuna aliyekuja?"

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkinisikiliza, semeni: nani alistahili kwenda?