Miezi Minne Juu ya Kitanda cha Chuma

Jambo la kwanza aliloliona Tusajigwe lilikuwa dogo: nyufa za visigino vyake zilikuwa zimeziba. Tangu utotoni visigino hivyo vilipasuka kama udongo wa kiangazi, na hakuna mafuta yaliyovisaidia. Sasa vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga. Wanawake waliokuja kumtazama walivishika wakacheka. "Mwenzetu umekuwa mke wa bwana shauri wa Kizungu," walisema. Alitabasamu kwa haya, lakini moyoni alijiuliza kama kisigino kisichokanyaga ardhi ni cha mtu aliye hai au cha maiti aliyekwisha kuoshwa.

Hayo yalitokea Iyunga, karibu na mji wa Mbeya, mwaka 1954. Mumewe, Sedekia, alikuwa mwalimu wa dini, mtu mpole asiyemnyanyulia mtu mkono. Mimba yao ya kwanza ilikuwa imeharibika, na kilima kizima kikailaumu ndoo ya maji aliyoibeba Tusajigwe siku ile. Ya pili ilipotimiza miezi mitatu, Sedekia alimpeleka mkewe kwa Bibi Mwanakhamisi, mkunga wa mjini ambaye wazee wake walitoka pwani. Bibi alimpima, akaona jinsi alivyokuwa akitetemeka kwa hofu, akamwambia mume, "Mimba ni nzima. Asibebe mizigo, na atulie."

Lo, neno moja liliwafikisha wapi! Bibi alimaanisha moyo utulie. Lakini Sedekia alikuwa amejifunza Kiswahili ukubwani, na kila siku aliwaambia watoto wa darasa la ubatizo, "Tulieni," akitaka wasijongeze hata kidole. Basi alikwenda mjini, akarudi na kitanda cha chuma chenye springi, cha kwanza kilimani pale, akamlaza mkewe. Yeye mwenyewe akatandika mkeka chini ili mgonjwa wake apate nafasi. Mgonjwa wa nini, hakuna aliyeuliza.

Tusajigwe alitaka kwenda mtoni, akakatazwa. Alitaka kupalilia maharage, akakatazwa. Desturi nayo ikawekwa juu ya hayo kama jiwe juu ya mzigo. Mke wa Kinyakyusa haonani na baba mkwe, wala sauti yake haitakiwi kumfikia, na baba mkwe alikaa nyumba ya jirani.

"Ukitoka utakutana na baba njiani," Sedekia alisema. "Humu ndani ndimo salama."

Miguu ikavimba. Usingizi ukamhama. Akienda chooni alishika ukuta, huku moyo ukimwenda mbio kama wa mtu aliyepanda mlima. Wageni waliingia, wakakibonyeza kitanda, wakakisifu, wakaenda zao. Walimwambia Tusajigwe ana bahati ya mtende. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza aliyekilalia anajisikiaje.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, Bibi Mwanakhamisi alikuwa na safari ya upande ule, akapita kuwajulia hali. Alimkuta Tusajigwe amelala, na jua limekwisha kuwa kali.

"Simama, mwanangu."

Tusajigwe alisimama. Magoti yalitikisika kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo.

"Umelala hivi tangu lini?"

"Miezi minne, bibi."

Bibi alimgeukia Sedekia. "Bwana, nani kakuambia umlaze?"

"Wewe, bibi. Ulisema atulie."

"Nilitaka atulie moyo. Wewe umemtuliza kama gunia la mchele wa Ubaruku."

"Nilikuwa nampumzisha. Nampenda."

"Ng'ombe wako mwenye mimba, naye umemfunga zizini miezi minne?"

Sedekia alikuna kichwa. "Ng'ombe huenda malishoni."

"Basi mkeo umemnyima alichopewa ng'ombe. Kuzaa ni kazi, bwana. Ataifanya kwa miguu hii? Na akishazaa, nani atambeba mtoto mgongoni? Mwili anaoutunza sasa ndio atakaozeeka nao." Kisha akamwambia Tusajigwe atembee asubuhi na jioni, polepole, bila mzigo, na akiona damu au maumivu asimame, amwite.

Sedekia aliitikia kwa mdomo tu. Bibi alipokwisha kuondoka, alikitandika kitanda upya. "Yule ni mtu wa mjini," alisema. "Siku ile ya damu nilikuwapo mimi. Lala."

Kesho yake, Sedekia alipokwenda kufundisha, Tusajigwe alijitanda kanga, akatoka. Siku hiyo alifika migombani tu, akarudi jasho likimtiririka. Siku ya nne alifika njia panda. Wiki ya pili alifika mtoni.

"Malkia kashuka kitini," mwanamke mmoja aliyekuwa akifua alisema.

"Labda kiti kimemchoma," mwingine akajibu, wakacheka, naye akacheka pamoja nao.

Mara mbili alikutana na baba mkwe. Aliingia migombani, akampa mgongo kama inavyotakiwa. Mzee alipita kimya, na siri ile hakumpelekea mwanawe.

Uchungu ulipomshika, ulidumu kutoka alfajiri hadi adhuhuri. Miguu haikumwangusha. Alijifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha jirani, wakamwita Anyitike.

Siku ya ubatizo uwanja ulijaa watu. Tusajigwe alikuwa ndani akinyonyesha, kwa kuwa baba mkwe aliketi nje na wageni. Sedekia alisimama, uso ukimng'aa.

"Ndugu zangu, mtoto huyu ameokolewa na kitanda kile. Marta, mke wa mdogo wangu, naye ni mjamzito. Kesho nitakihamishia kwake, alale mpaka siku yake."

Watu wakapiga makofi. Kupitia mwanya wa mlango Tusajigwe alimwona Marta, binti wa miaka kumi na saba, akiinamisha kichwa. Hakuna aliyemuuliza huyo pia. Hasira ilimpanda Tusajigwe kama maziwa yanayofurika chunguni. Alizoea kuyameza maneno, akijiambia atasema baadaye, faraghani. Lakini kitanda kingehamishwa kesho. Alibaki nyuma ya mlango ili macho yasivunje desturi, kisha akaivunja kwa sauti.

"Sedekia."

Watu wakageukia mlango. Baba mkwe, ambaye hakuwahi kuisikia sauti ile, hakuondoka kitini.

"Mtoto huyu hakuokolewa na kitanda. Kila ulipokwenda kufundisha, niliamka nikatembea hadi mtoni. Sikukuambia, kwa kuwa niliona haya, na nilikuona umefurahi. Mwache Marta atembee. Wewe umekinunua, umekisifu, umewaonyesha watu. Mimi ndiye niliyekilalia mchana kutwa, miezi minne, nikisikia miguu yangu inakufa na watu wananiambia nina bahati. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."